Dekoda Niliyoichagua Mwenyewe

Wasomaji, dekoda ile niliichagua mwenyewe kule Katesh kwa sababu boksi lake liliandikwa kwamba inarekodi. Maelekezo sikuyasoma. Jumamosi, kwaya ya mke wangu ilipokuwa inaonyeshwa kwenye runinga asubuhi, niliwatangazia watu hapa Gendabi: "Nendeni mkavune maharage, jioni mtaiona yote." Hata baba mkwe nilimrudisha shambani.

Jioni sebule ilijaa. Nikabonyeza rimoti. Kioo kikaandika kwamba flashi haijachomekwa, hakuna kilichorekodiwa.

"Shikamoo, baba," nikababaika, kana kwamba mzee ndiyo kwanza anaingia.

"Umeshaniamkia," alisema. "Kwa hiyo mwanangu ameimba mimi nikiwa kwenye maharage?"

Mke wangu ndiye aliyemjibu, akinitazama mimi: "Ndiyo, baba."