Chini ya Lamineti

Mimi Bedan, fundi wa sakafu, ukinipata kwa mteja kule Ruiru utadhani nilizaliwa juu ya mbao. Nitakuambia mvule hudumu hadi wajukuu ila bei yake inauma. Mahogani hupendeza lakini huchubuka. Lamineti ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa: ni rahisi na hupangwa kwa siku moja, lakini haitaki maji. Hayo yote huyasema nimefunga mikono nyuma kama daktari.

Mwalimu Emmaculate, aliyekuwa akijenga nyumba kule Mwihoko, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hataamua kabla ya kuona ninachokanyaga kwangu.

Kinyozi hajinyoi. Kwangu Kiganjo, pale Thika, tulikanyaga simenti nyekundu niliyoipiga mwenyewe mwaka tuliohamia, nami niliionea aibu. Lakini nilikuwa nimekaa miezi miwili bila kazi, na nyumba ya Mwalimu ilikuwa na vyumba vitano. Nikamwambia aje Jumamosi aone lamineti.

Alhamisi nikakusanya mabaki ya wateja wangu wote, rangi nne, nikayapanga sebuleni juu ya ile simenti. Nilijisifu sana. Ila mahubiri yangu kuhusu maji sikuwahi kumhubiria mke wangu.

Wangechi hapokei mgeni kabla ya kupiga deki. Ijumaa, akitaka kuniheshimisha, alimwaga ndoo tatu na sabuni. Jumamosi viungo vya lamineti vilikuwa vimefura kama mandazi.

Mwalimu alisimama mlangoni akitazama. Nikaanza kueleza habari za unyevu wa Thika, na jinsi mbao zinavyozeeka. Njia ya mwongo ni fupi: Wangechi akasema, bila hila yoyote, kwamba ziliwekwa juzi. Nilitamani kuingia chini ya sakafu yangu mwenyewe.

Mwalimu aliinama, akainua ubao uliofura, akapapasa chini yake.

"Na hii nyekundu iko na miaka mingapi?"

"Kumi na moja, na haijawahi kupasuka," Wangechi alijibu. "Ni Baba Viola huyu aliipiga."

"Sasa fundi, si ungeniambia hiyo? Mimi niko na watoto wanne na maji kila mahali. Nipigie kama hii."

Kazi nikapata, vyumba vyote vitano. Jioni hiyo tuling'oa mabaki yangu, Wangechi akapiga magoti na kuanza kuipaka simenti nta, kama alivyofanya kila wiki kwa miaka kumi na moja. Muda huo wote mimi nilikuwa nikiwaficha wateja sakafu hiyo.