Fundi Aliyejishonea Ndani ya Seli

Fundi wa makochi alikuwa na jeuri moja tu, nayo ilimtosha: hakuna aliyewahi kuona mshono wake unapoishia. Mkewe, mwaka wa ishirini na saba sasa, kazi yake pale karakana ilikuwa kumtilia uzi kwenye sindano. Kushona, thubutu. Fundi alisema mkono wa mkewe ni wa kufungia magunia.

Basi shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa biolojia, akamwomba ashone mfano wa seli kwa kitambaa, mkubwa kuliko kitanda, wakaguzi wauone shuleni Ijumaa saa kumi. Fundi hashoni asichokielewa, kwa hiyo akahoji kila kitu. Akaambiwa kiini ndicho chenye maagizo yote. Mitokondria huipa seli nguvu kutokana na chakula. Ribosomu hutengeneza protini. Na vyote vimo kwenye ute. Akashona kiini cha mahameli nyekundu, mitokondria za sponji mfano wa maharagwe, ribosomu akaweka vifungo vya makoti. Kisha akauliza mlango uko wapi.

"Hakuna mlango, shemeji. Utando unaoizunguka ndio unaochagua kipi kipite."

Fundi akalishika neno hilo kama lilivyo. Na kwa kuwa alishika pia kwamba mshono wa maana hushonwa kwa ndani, Ijumaa asubuhi akaingia ndani ya seli, akashona akizunguka, kwa raha zake, mpaka fundo la mwisho. Hakuwahi kushona vizuri hivyo maishani mwake. Hapo ndipo akili ikamjia kwamba na yeye yumo.

Saa nane mwalimu akafika na mkokoteni, akakuta seli inakohoa. Fundi akasema kitambaa kinapitisha hewa, uji atakunywa kwa mrija, wampeleke hivyo hivyo. Ila mkasi usiusogelee mshono wake. Mwalimu akakaa kwenye stuli, akashika kichwa. Dada yake, mke wa fundi, akamuuliza seli zenyewe zikikua sana hufanyaje. Akajibiwa kwamba hugawanyika, moja ikawa mbili nzima, lakini kwanza kiini hutoa nakala ya maagizo yake, isije moja ikakosa.

"Umesikia?" mke akaiambia seli. "Tengeneza kiini cha pili. Nakata katikati."

"Na nani atashona?"

"Mimi."

Saa tisa ilipofika, seli ikaanza kutikisika: fundi alikuwa anavua shati. Akalikunja, akalishona duara, akagawa mitokondria na vifungo nusu kwa nusu, akajibana pembeni, mkewe akakata katikati.

Fundi akatoka kifua wazi, nyuzi zimejaa kichwani. Mkewe hakumtazama. Alitia uzi, safari hii wa kwake mwenyewe, akashona nusu zote mbili akiwa nje, ameketi kwenye kiti chake.

Saa kumi, shuleni, wakaguzi wakaandika kwamba shule imeonyesha hata mgawanyiko wa seli, ingawa kiini kimoja kilikuwa na mistari na mfuko. Fundi hakuwasikiliza. Miwani yake ilibaki kwenye mfuko huo, kwa hiyo aliupapasa mshono. Alizizunguka seli zote mbili kwa vidole mara moja, mara mbili, haya ikimpanda mpaka masikioni.

"Mama," akanong'ona, "umemalizia wapi?"

"Miaka ishirini na saba nakutilia uzi," mkewe akasema. "Ulidhani macho nilikuwa nayaweka wapi?"