Sufuria ya Marehemu Toader

Safta aliamka amekasirika, tena amemkasirikia maiti. Mumewe Toader, waliyemzika wakati wa theluji, alikuwa amemjia ndotoni kwa mara nyingine. Aliketi mezani na kofia yake kichwani, akamtazama kwa jicho la mtu aliyecheleweshewa chakula.

"Mke wangu, nina njaa," alisema. "Nipe ugali wa moto."

Kisha akainuka akaenda zake bila kwaheri, kama alivyozoea enzi za uhai wake akipewa kiporo.

Pale kijijini Poiana Rece hakuna asiyeijua maana ya ndoto kama hiyo. Marehemu akikuomba kitu, unamtafuta mtu aliye hai, unamkabidhi kitu hicho mkononi pamoja na mshumaa na mkate, naye anajibu, "Mungu ampokee." Huko aliko, marehemu anakipata. Unachotoa ndicho anachopata, hakizidi wala hakipungui.

Safta si mtu wa kupuuza wafu. Jumamosi ya marehemu, ile inayotangulia Pentekoste, alishuka sokoni akanunua sufuria mpya ya alumini, nyepesi, inayong'aa hadi macho yanauma. Akaijaza ugali, akaifunga maua kwenye mkono wa sufuria, akampa mke wa mwalimu, ambaye hupikia gesi. Alirudi nyumbani kifua mbele. Lakini hata maua hayajanyauka, Toader huyo tena. Safari hii ugali alikuwa nao. Aliuinamia, akaunusa, akakunja uso.

"Umeungua," alisema.

Kilichomuudhi Safta ni kwamba mume alikuwa anasema kweli. Alumini inaunguza ugali, hata mtoto wa pale anajua. Ugali unataka sufuria ya chuma cha kusubu, nene, nyeusi, yenye tako la mviringo, na unataka jiko la kuni. Unazinyanyua kwa kulabu zile pete za chuma zilizo juu ya jiko mpaka tundu liwe la kutosha, kisha sufuria inazama motoni hadi kiunoni. Hapo moto unaikumbatia pande zote, maji yanachemka kwa utulivu, unga unaingia kidogo kidogo, na mwiko unazunguka mpaka bega lilalamike. Mwanamke asiye na subira na aoke viazi.

Sufuria ya namna hiyo Safta alikuwa nayo. Ilikuwa ya mama yake. Ilikuja kwenye mkokoteni wa harusi, imebanwa kati ya godoro na kapu la bata bukini, na tangu siku hiyo haikuwahi kuonja sabuni. Aliisugua kwa maji ya moto, akaikausha jikoni, akaipaka mafuta ya nguruwe kwa kitambaa, na ilikuwa laini kuliko viganja vyake.

Jioni za baridi Toader alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha mbao na vumbi la misonobari kwenye nyusi. Alikung'uta buti mlangoni, watoto wakamrukia, madirisha yote yamefunikwa na mvuke. Safta alichora msalaba juu ya ugali kwa ncha ya mwiko, akaipindua sufuria juu ya ubao, na wote wakainama kutazama. "Tuone kama unasimama," Toader alisema kila mara, kwa uso wa hakimu. Ulisimama. Ndipo alipoukata kwa uzi, kipande cha baba kwanza, kikimwagiwa maziwa mgando na jibini la kondoo, na watoto wakagombea ukoko kama watoto wa paka. Siku hizo Safta aliona ni kelele tupu, akawafokea watulie. Sasa watoto wako Italia, wanapikia majiko ya kioo, na yeye angetoa chochote alicho nacho ili afoke tena jioni moja tu.

Ndiyo maana ndoto ile ilimchoma. Toader alikuwa anaitaka sufuria ile ile, na sokoni za chuma cha kusubu haziuzwi tena. Ama mume ale vizuri huko aliko, ama yeye abaki na sufuria ya mama yake. Vyote viwili havikuwezekana.

Na kutoa kwenyewe kulikuwa na kikwazo. Sufuria isiyopikiwa haimlishi mtu, awe hai au mfu, na tako la mviringo halikai juu ya gesi, linayumba kama mlevi. Majiko ya kuni yaliyokuwa bado yanawashwa kila siku Poiana Rece yalibaki mawili tu: la Safta, na la jirani yake Anghelina, ng'ambo ya ua.

Anghelina! Zamani, kwenye harusi ya binti wa msaga nafaka, mbele ya kijiji kizima, mwanamke huyu aliuona ugali wa Safta unaletwa mezani akapaza sauti: "Jamani, huo ni wa Safta. Leteni vijiko!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku ile Safta hakumsalimia tena. Alimsalimia mbwa wake.

Siku kadhaa Safta alizunguka jikoni akibishana na marehemu. "Mla ni mla leo," alimwambia, "mla jana kala nini?" Lakini kila alipoketi kula, alilirudisha tonge. Alimwona mumewe na sahani ya ugali ulioungua, hana wa kumlalamikia. Jumapili, kengele za kanisa zilipokwisha, akapiga moyo konde. Akachochea kuni kavu, akasonga ugali wake, akauzungushia mkono wa sufuria kitambaa, akavuka lango.

Anghelina alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Kumbe njia unaijua," alisema.

"Nimetumwa na Toader."

"Toader amekufa, bibi wee."

"Ndiyo maana anasumbua kuliko zamani. Shika. Kwa roho ya Toader, sufuria hii na kilichomo."

Anghelina alichungulia, akaacha maharage. "Safta, hii si ya mama yako?"

"Najua ni ya nani."

"Nenda kaniletee nyingine, ya bati. Atajuaje?"

"Nilimpa ya alumini. Alijua."

Anghelina alianza kucheka, akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaipokea sufuria kwa mikono yote miwili, mabega yakashuka kwa uzito. "Mungu ampokee Toader," alisema, na alisema kwa heshima.

Walikwenda jikoni, wakawasha mshumaa, wakaupindua ugali juu ya ubao. Ulisimama wima, wa manjano, unafuka moshi. Anghelina aliugusa kwa kidole.

"Ulikuwa unasimama siku zote," alisema taratibu.

"Sasa mbona ulisema vile harusini?"

"Watu walikuwa wanacheka, shoga. Ulimi ukanoga." Akamvutia kiti. "Kaa ule. Na kesho uje. Utapikia nini sasa, kofia?"

Safta alikuja kesho yake, na keshokutwa. Kila adhuhuri Anghelina alimwita kutoka ng'ambo ya ua, "Moto umewaka, wewe!" na wakasonga kwa zamu, wakitukanana kwa raha. Usiku lakini ulikuwa mtupu. Safta alilala mapema, akailaza kofia ya Toader kando ya mto wake, akamwita kwa jina kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Hakuja. Majira yakapita, plamu zikaiva na kuanguka, na hakuja hata kulalamika.

Siku moja Anghelina, mwiko mkononi, alimuuliza: "Toader je? Amekutokea tena?"

"Hajanitokea."

"Basi ameshiba, mwenzangu! Mshukuru Mungu."

Safta alikuwa ameshika uzi ili akate ugali. Aliurudisha mezani.

"Ningejua," alisema, "ningempimia kidogo."