Tulimwandika faida ndama ambaye hajazaliwa: duka letu la Ihanja lilivyokufa

Wakuu, na wajukuu mliojificha humo katikati ya wakuu, habari za mchana.

Ninayoyaandika yalinitokea mimi mwenyewe, na aliyeyaharibu ni mimi huyu huyu ninayeandika kwa kidole kimoja. Sina sababu ya kutia chumvi. Umri nilio nao hauniachii muda wa kutunga.

Nimechokozwa na uzi wa kijana mmoja wa juzi. Ana mayai mia tatu kwenye mashine ya kutotoleshea, kapiga hesabu ya kuku mia tatu, kawauza wote kichwani, kanunua na pikipiki. Chini yake watu wamejipanga kumpongeza. "Hongera mkuu, unajua business."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu nikakasirika, maana ujinga huo mimi niliufanya kabla babu yake hajaoa.

Ilikuwa Ihanja, Singida, enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini.

Nilikuwa nimemaliza middle school, nikapata kazi kwenye duka la Mhindi mmoja Singida mjini. Nitamwita Mzee Ratilal. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, mlango mmoja tu unawatenganisha.

Sasa huyu mzee, akitaka sukari ya chai ya nyumbani kwake, alipima ratili moja kwenye mizani kama anavyompimia mteja, akaifunga, akaandika kitabuni: Ratilal, sukari, ratili moja. Mwisho wa mwezi analipa. Anatoa hela mfuko wa koti anaweka kwenye sanduku la duka lake mwenyewe!

Nilimwona kichaa. Siku moja nikamuuliza.

"Duka si mimi, kijana," akasema. "Duka ni mtu mwingine, mimi nakaa naye tu. Nikimla leo, kesho nani atanilisha?"

Miaka miwili alinifundisha. Bidhaa iandike kwa bei uliyonunulia, si bei unayoiota. Hasara ukiinusa tu, iandike leo. Faida usiiandike mpaka kitu kimetoka mlangoni na shilingi imeingia. Na ukianza kuhesabu kwa njia moja, mwakani hesabu kwa njia hiyo hiyo, usibadilishe kwa sababu jibu limekuudhi.

Basi. Hiyo ndiyo misingi ya uhasibu, wakuu. Nilipewa bure na mzee aliyevaa kandambili, na ninyi mnalipia ada miaka mitatu mnatoka mnaita mtaji faida.

Twende mbele.

Huko nyumbani Ihanja wazee wakaamua kufungua duka lao. Wazo zuri, sikatai. Watu walikuwa wanatembea mwendo mrefu kufuata chumvi na mafuta ya taa. Wanachama wanane, kila mmoja alete ng'ombe mmoja. Wakaniita niwe mwandishi wa vitabu.

Mwenyekiti akachaguliwa Mzee Ntandu. Sifa yake? Aliwahi kuwa mpishi wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali wilayani. Alipeleka supu mezani kwa Mzungu miaka sita, basi akaamini elimu yote ya Ulaya ilipitia kwenye lile bakuli. Alikuwa na kofia ngumu aliyoachiwa, na akishaivaa hakuna wa kumwambia kitu.

Mwanachama wa nane alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mjane. Baba zangu wadogo walishachukua zizi lote, wakamwachia mtamba mmoja, mweusi. Huyo ndiye alikuwa maziwa yake ya uzeeni, na ndiye kitu pekee ambacho shemeji zake hawakuwa na neno nacho. Watu walimkataza kumtoa. Akawajibu, "Anayeandika ni mwanangu. Atapotelea wapi?"

Naomba mkumbuke hilo mnapoendelea kunisoma.

Ng'ombe sita wakauzwa mnadani, tukanunua bidhaa: sukari, chumvi, sabuni, kaniki, mafuta ya taa. Wawili tukawabakiza kama akiba, duka likiyumba tuwauze. Mmoja alikuwa wa mwanachama mwingine, mmoja ni yule mtamba wa mama. Tukawapeleka Sepuka kwa rafiki wa Mwenyekiti awatunze.

Kwa vijana wa mjini: kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anampa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki anakamua maziwa na kupata samadi, ila ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanapona. Ni desturi nzuri, siidharau.

Ubaya wake ni mmoja. Ng'ombe wa mbali humwoni, na usiyemwona huzaa kila mwaka kwenye mazungumzo.

Duka likafunguliwa. Wiki ya kwanza Mwenyekiti akachukua debe la mafuta ya taa. Nikaandika: Ntandu, mafuta, debe moja. Akaona.

"Umeandika nini hapo?"

"Deni lako, mzee."

"Mtu anajikopaje mwenyewe? Duka ni langu, ni lako, ni la hawa. Nikila ugali wangu unaniandika?"

Nikamweleza habari za Mzee Ratilal. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Wengine nao wakaanza: huyu sabuni, yule kaniki ya mke, yule sukari ya wageni. Nikaanza kuwaandika kwa penseli, kidogo kidogo, pembeni ya ukurasa. Baadaye nikaacha hata hiyo penseli. Niliogopa kuitwa mtoto wa mjini mwenye roho ya Kihindi.

Mwaka ukaisha. Rafu nusu tupu, sandukuni kuna hela ya kununulia sukari tu. Na wanachama wamekuja na mifuko yao, wanataka faida.

Mwenyekiti akavaa kofia.

"Mwandishi, Sepuka tuna ng'ombe wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Wana mimba?"

"Tumeambiwa wana mimba."

"Basi ni wanne. Wawili mtaji, wawili faida. Andika."

"Mzee, ndama hawajazaliwa."

"Kwani ng'ombe akiwa na mimba huzaa nini, mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, wakuu. Mimi niliyefundishwa. Nikachovya kalamu nikaandika kwa wino: Faida ya mwaka, ndama wawili. Nikawapa na bei, bei ya ng'ombe mkubwa kabisa.

Na kwa kuwa ndama hawakuweza kugawanywa wakiwa tumboni, wakagawana hela ya sukari. "Ndama wakizaliwa tunauza, tunarudisha," akasema Mwenyekiti. Nami nikapokea fungu langu. Nilinunua viatu.

Hawakutosheka. Mwenyekiti akasema duka lenye faida lazima lisherehekee, akatuma mtu Sepuka akaulize hali ya ng'ombe. Yule rafiki akajibu kwamba mmoja ana mimba kweli, ila yule mtamba mweusi walimdhania tu, hana kitu.

Mtu mwenye akili hapo angefuta ndama mmoja kitabuni. Mwenyekiti wetu alisema, "Asiyekuwa na mimba hana faida. Mleteni tumchinje."

Nilimwona akiletwa. Nilimfahamu kabla hajafika, nimemchunga tangu ana wiki moja. Nilikuwa na kitabu kwapani, na kalamu, na viatu vipya. Nikawapisha wapite.

Tukamchinja, tukamla. Nilikula vizuri tu.

Mama hakuwepo, sherehe ilikuwa ya wanaume ingawa naye alikuwa mwanachama. Mwenyekiti akanipa fungu la nyama nimpelekee. Mama akapokea kwa mikono miwili, akauliza ni ng'ombe wa nani. Nikasema wa duka.

Na kwa vitabu nilikuwa sahihi! Alishatolewa mtaji, akawa mali ya duka. Somo lile la Mzee Ratilal, kwamba duka ni mtu mwingine, nililikumbuka siku hiyo moja tu, lilipokuwa linanifaa kumdanganyia mama yangu.

Masika ikaingia. Yule ng'ombe mwenye mimba akaitupa, naye mwenyewe akafa siku chache baadaye. Kwenye rafu kulikuwa na viberiti na mende. Kijiji kikarudi kutembea kufuata chumvi.

Mama akaja kwenye mkutano. Alitaka mtamba wake arudishwe, kwa kuwa duka limefungwa na yeye hana maziwa. Aliwaamkia wazee wote kwanza, mmoja mmoja, kisha akasema shida yake kwa adabu.

Mwenyekiti akanipokonya kitabu, akakiinua juu kwa watu.

"Huyu mama ana haraka ya nini? Kitabu kinasema tuna faida. Mwanawe ndiye ameandika."

Mama akakichukua, akanisogelea. Hakujua kusoma.

"Mwanangu, nionyeshe ng'ombe wangu yuko wapi humu."

Nikafungua. Nikaweka kidole kwenye mstari: mtamba mmoja, mweusi, yuko Sepuka. Sikuwahi kumfuta. Mama akaweka kidole chake pale pale, akakaza macho kwenye maandishi.

"Kwa hiyo yupo."

"Yupo," akasema Mwenyekiti.

Nilimtazama mama, nikashindwa kumdanganya tena.

"Hayupo, mama. Ni ile nyama niliyokuletea."

Kidole chake kilibaki kwenye karatasi.

"Na hapa umeandika yupo."

"Ndiyo, mama."

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

Akatoa kidole, akakifunga kitabu taratibu, akanirudishia kama anavyorudishiwa mtu chombo chake alichokisahau kwa jirani. Akaaga wazee, akaondoka. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine, na ningependa sana angenigombeza.

Mzee Ntandu, ili mjue dunia yetu ilivyo, mwaka uliofuata alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kujenga shule. Kwa kauli moja. Mimi nilirudi mjini kwa Mzee Ratilal, nikawa namtumia mama hela ya maziwa kila mwezi, na kila mwezi jirani alimuuzia.

Sasa somo, kwa mnaopenda kurukia mwishoni. Faida ni kile kilichokwisha ingia mkononi, baada ya kutoa ulichokula. Wewe si duka lako, na ukichukua soda kwenye friji ya duka lako, iandike na uilipe. Na wewe uliyeajiriwa kuandika, bosi wako anapokwambia "andika tu", jua kwamba siku ya kuulizwa yeye ataelekeza kidole kwenye mwandiko wako.

Mimi sikukosa elimu. Nilikuwa nayo yote. Nilikosa ujasiri wa kumwambia mpishi wa Bwana Shauri kwamba hajui hesabu.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kula mtaji akauita faida aseme, hapa hakuna anayemjua sura. Wa "hongera mkuu" leo mnaweza kupumzika.

Kitabu kile ninacho mpaka leo. Mama alifariki bila ng'ombe, lakini humo ndani bado anaye mmoja, mweusi, kwa mwandiko wangu mzuri.