Idi Ambayo Baba Alipika Kac-kac

Mama yangu alifariki miezi michache kabla ya Ramadhani. Baada ya mazishi nilimchukua baba kutoka Elwak, alikouza ngamia na mbuzi maisha yake yote, akaja kuishi kwangu Garissa. Siku moja kabla ya Idi nikamwambia naenda dukani kununua biskuti za wageni.

"Biskuti?" akashangaa. "Na kac-kac?"

Kac-kac ni vipande vidogo vya unga mtamu wenye iliki, vinavyokaangwa mpaka viwe na rangi ya kahawia. Mama alivipika kila Idi. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kisha kazini, nikifika nyumbani nakuta sinia imeshajaa.

"Sijui kuvipika, Aabo."

"Mimi najua. Nimemtazama miaka arobaini."

Sikuwahi kumwona baba jikoni. Alikuwa mtu wa kusimama mlangoni na kuuliza chai iko wapi. Mchana ule alikunja mikono ya shati, akafunga kikoi vizuri kiunoni, akaniamuru nilete unga, mayai, sukari, hamira na samli. Akakanda kwa nguvu, jasho likimtiririka. Mimi nilisukuma na kukata, yeye akakaanga, akigeuza kila kipande peke yake kana kwamba ana siku nzima.

Shida ikawa kuonja. Sote tulikuwa tumefunga. Kwa bahati jirani yangu, mama mmoja muuguzi kutoka Mwingi, Mkristo, alikuwa anaanua nguo uani. Nikamwita.

"Mzee, leo wewe ndiye mpishi?" akacheka.

"Leo mimi nabika," baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe kula. Sema ukweli."

Akauma. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Ni tamu," akasema.

"Ukweli, mama."

"Mzee, ni ngumu. Jino langu limeniuma."

Baba akaketi kwenye kigoda. Niliogopa kwamba nimemruhusu ajaribu jambo ambalo lingemrudishia huzuni. Nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza, lakini alikuwa anasugua viganja vyake polepole, macho yameelekea ukutani.

"Mama yako alikuwa anafanya hivi," akasema. "Unga ukiwa mkavu bado, na samli ndani yake. Miaka yote nilidhani anapasha mikono joto."

"Kupasha joto, na jua lile la Elwak?" nikamuuliza.

Tukacheka mpaka jirani naye akacheka, ingawa tulikuwa tukizungumza Kisomali.

Tukaanza upya. Safari hii alisugua samli kwenye unga mkavu hadi ukashikana alipoufinya, ndipo tukatia mayai. Jirani aliuma kipande cha kwanza, akachukua cha pili, kisha akaomba sahani ya kupeleka kwake.

Siku ya Idi wageni walijaa sebuleni. Shangazi yangu akala vipande vitatu mfululizo, akaniambia, "Mashallah, mama yako alikufundisha vizuri."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameniomba nisimwambie mtu, eti wafanyabiashara wenzake wa Elwak wangemcheka sokoni. Nikashukuru tu. Yeye akanywa chai funda moja, akaweka kikombe chini, akajikohoza.

"Huyu? Huyu hajui kitu," akasema. "Ni mimi niliyepika."