Kipa Amedaka kwa Mkono Gani

Baba aliniuliza kwenye simu, "Mukono gani?" Mbele yangu palikuwa na kioo cheusi na sentensi moja nyeupe ikisema kwamba mechi hii haionyeshwi mahali unapoishi.

Mahali ninapoishi ni Hilliard. Uwanja wa barafu ambapo mechi ile ilikuwa ikichezwa saa hiyohiyo uko Columbus mjini. Nikiwasha gari sasa hivi, sufuria ya wali haijaiva nimeshafika. Baba yuko Buffalo kwa kaka yangu, jimbo jingine kabisa, na alikuwa anaona kila kitu. Dada yangu mkubwa yuko Louisville, mji usio na hata timu, naye alikuwa anaona kila kitu. Mimi niliye karibu kuliko wote ndiye niliyefungiwa, na sababu waliyotoa ni hiyo: niko karibu.

Nikadanganya. Nikasema, "Wa kulia, Baba."

Akasema, "Hapana," taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe mezani. Ulikuwa wa kushoto. Hakuniambia kingine mpaka mechi ikaisha.

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilirusha rimoti ukutani, betri zikabingirika chini ya kochi. Binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliniambia kwa adabu kwamba hatuna rimoti nyingine.

Najua atakayesoma hapa atacheka. Mwanamke wa Kivu, mama wa mtoto mmoja, anayepanga maboksi ghalani, anapigana na televisheni kwa ajili ya wazungu wanaoteleza. Cheka, halafu uendelee kusoma.

Baba yangu alikuwa kipa. Kwetu Uvira walimwita gardien, hata kanisani. Hakuwahi kulipwa wala kusafiri na timu. Alidaka kwenye kiwanja cha changarawe mpaka magoti yakawa na ngozi kama ya kiatu. Sisi watoto tulilelewa kwa swali moja. Hakutuuliza nani kafunga, wala matokeo. Ukitoka kutazama mechi yoyote anakuuliza: kipa alidaka kwa mkono gani? Ukijua, basi ulitazama. Usipojua, ulikuwa umekaa tu.

Tulipofika Amerika tulianzia Louisville, Highview, kwenye apatimenti za nyuma ya maduka. Baadaye kaka akapata kazi Buffalo, Baba akamfuata, mimi nikaolewa Columbus. Dada akabaki Highview na sahani za Mama. Majira ya baridi ya kwanza kule Buffalo Baba akanipigia simu kutoka kiwandani alikofanya kazi, wakati wa chakula. Kwenye chumba chao cha kulia kulikuwa na televisheni, na Baba alikuwa ameona hoki ya barafuni kwa mara ya kwanza.

"Ile gardien yao," akaniambia, "amevaa nyumba muzima."

Nikamwambia aeleze. Hakuweza. Alisema watu wanakimbia juu ya maji yaliyolala, wamevaa visu miguuni, wanapiga kisahani cheusi kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na kisahani kile huwezi kukiona, donc unamtazama kipa, kwa sababu kipa anakiona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka ibadani. Nilikuwa sijamsikia hivyo tangu tulipomzika Mama.

Basi tukaanza kutazama. Dada kule Louisville akalipia huduma ya mtandaoni, ile inayojitapa kuwa na ligi nzima, akatupa sote neno la siri. Kwetu hakuna anayeomba wala kuruhusu. Kitu cha mtoto wa kwanza ni cha wote. Baba alikuwa na kebo ya kaka, chaneli ya pale Buffalo. Kila mechi ya timu ya Baba, ile ya Buffalo, tulifungua simu, watatu, tukaiacha wazi mpaka mwisho, kila mmoja na kazi zake, dada akichambua maharage, mimi nikikunja nguo.

Hapo tukagundua jambo la ajabu. Picha ya kebo hufika kabla ya picha ya mtandao. Si kwa muda mrefu, ni kama mtu kuvuka chumba. Lakini Baba alikuwa akisema "Ameshika" na sisi kwenye kioo chetu bado tunamwona mchezaji ndiyo kwanza anainua fimbo. Kisha kweli, kipa anadaka. Binti yangu alikuwa mdogo, akaamini babu yake anajua yajayo. Aliwaambia shuleni. Sikumrekebisha. Mimi mwenyewe, ninayejua habari ya kebo na mtandao, nywele zilinisimama kila mara.

Halafu Baba akapata kiharusi. Mguu ulirudi na mkono ukarudi nusu, lakini maneno hayakurudi. Mtu aliyekuwa anahubiri kwenye mazishi alibaki na ndiyo, hapana, maji, na jina la Mama. Nilikwenda Buffalo nikakaa naye, nikamwogesha, nikamsemesha mpaka nikachoka. Siku moja kaka akawasha mechi ili nyumba isiwe kimya. Kipa wa Buffalo akajirusha chini, akanyoosha kile kiatu chake kikubwa kama mlango, kisahani kikagota pale. Baba, kutoka kwenye kiti, bila kunitazama, akasema, "Huyu alijua mbele ya mwenye kupiga kujua."

Nilikaa chini sakafuni. Sentensi nzima. Yule mama wa hospitalini anayewafundisha watu kuongea upya aliniambia hali hiyo huwapata wengine, kwamba maneno yana njia nyingi za kutokea, na tusiifunge njia hii iliyofunguka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni televisheni gani inaihudumia ligi hii na watu wake vizuri, sisemi kama mshabiki wa baa. Nimezitazama zote, na najua ninachotafuta.

Iko chaneli kubwa ya taifa. Picha yao ni safi mpaka unaona mvuke wa pumzi. Lakini wamejaza wanaume wa suti wanaoongea juu ya kila kitu, na matangazo ya kamari hata mtoto wangu ameyakariri, na kipa akidaka wanarudia kumwonyesha aliyekosa. Kwa Baba huo ni uhalifu. Iko huduma ya mtandao, hiyo ya dada, yenye mechi zote za dunia isipokuwa ile unayoitaka leo. Leo iko kwao, kesho imeuzwa kwa wengine, keshokutwa umefungiwa kwa kuwa jirani. Na iko chaneli ya kule Buffalo, ya watu wachache, na mtangazaji ambaye nadhani amezeeka mle ndani.

Hiyo ndiyo bora. Sibishani na mtu. Yule mtangazaji hunyamaza. Mchezaji akitoroka peke yake na kisahani, mzee yule anafunga mdomo, na unasikia barafu. Mwe, sauti ile. Kama kitenge kipya kikichanwa, kirefu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kamera inabaki kwa kipa. Unaona mabega yake yakisubiri. Nilipokuwa kwa Baba niliisikia hivyo, nikamwelewa alivyosema watu wanakimbia juu ya maji yaliyolala. Na katika ukimya ule ndipo Baba huongea. Mtangazaji anamwachia nafasi bila kujua. Ila chaneli hiyo mwisho wake ni Buffalo. Hilliard haifiki, hata ukitaka kuinunua.

Basi baada ya kurusha rimoti nikapiga simu huduma kwa wateja. Aliyepokea alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Nikamweleza kioo cheusi. Akasema ni mkataba na chaneli ya Columbus, hawezi kuufungua. Nikasema basi niuzieni hiyo ya Columbus. Akasema hiyo ni kampuni nyingine. Kisha akauliza, kama mtu anayeongea tu huku akingoja mfumo ufunguke, ni akina nani wengine wanatumia akaunti hii pamoja nami.

Na mimi nikamjibu. Nifiche nini? Nilimwambia ni ya dada yangu mkubwa aliye Louisville, mimi natumia Hilliard, na watoto wa kaka hutumia Buffalo kwa katuni. Nilisema hata kwa fahari kidogo, ili aone sisi ni watu wa kusaidiana.

Akanishukuru kwa kuwa mkweli. Tulipokata simu, nilikuwa nimefungiwa nje mimi na Buffalo, na dada alikuwa anaombwa athibitishe anakolala.

Alinipigia kabla sijaweka simu chini.

"Uliwaambia?"

"Waliuliza."

"Bon. Polisi wakija kuuliza nyama iko wapi, wewe utawapikia."

"Ni huduma kwa wateja, dada, si polisi."

"Mdomo wako ni mlango wa kanisa," akasema. "Kila mtu anapita." Halafu akacheka, nikacheka, halafu akauliza kwa sauti nyingine, Baba tutamwambia nini.

Hatukumwambia. Tukaendelea kufungua simu, mimi bila picha. Niliitikia, eeh Baba, ndiyo Baba. Kipa wa zamani humdanganyi. Aliposema "Ameshika" hakuuliza tena mkono. Baadaye akawa hasemi hata "Ameshika." Nilisikia televisheni yake na pumzi yake tu. Nilikuwa nakunja nguo nikilia kwa hasira, na hasira yangu haikuwa kwa Baba.

Kisha timu ya Baba ikaja tena Columbus, mechi ya mchana. Msimamizi wetu ghalani aligawa tiketi ambazo wakubwa hawakuzitaka. Nilimchukua binti yangu na koti lake la theluji. Nilidhani nimejiandaa, nimetazama misimu mizima. Sikuwa nimejiandaa.

Kwanza baridi inakupiga usoni kama ukifungua friji ya nyama. Halafu weupe. Barafu ni nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na taa zinaamka ndani yake. Halafu wakatoka. Televisheni inaficha ukubwa wao na inaficha kasi yao. Mtu mzito kama kabati alipita mbele yetu nyuma ya kioo, akageuka kwa kisigino kimoja kama mtoto anayecheza, na vumbi la barafu likatupiga kwenye kioo, binti yangu akanishika mkono. Hakusema kitu katika lugha yoyote.

Nikampigia Baba. Kaka akamshikia simu sikioni. Nilimtazama kipa wa Buffalo peke yake, kama nilivyofundishwa. Mpigaji akavuta fimbo. Kisahani sikukiona, nani anakiona, lakini glavu ilifunguka hewani kabla ya mlio kufika, ikafunga.

"Ameshika, Baba. Wa kushoto."

Kwenye simu nilisikia televisheni yake bado iko nyuma, mtangazaji mzee bado hajanyamaza. Akanyamaza. Barafu ikachanika kule Buffalo. Kisha Baba akavuta pumzi.

"Wa kushoto," akasema. Na baada ya kidogo, "Leo ni weye nabii."

Nilimtajia kila mkono. Kulia. Kushoto. Mguu. Kifua. Alinijibu, alinisahihisha, aliniambia kipa yule ana bega moja bovu, nitazame anavyolificha, na kweli nikaliona. Katika kipindi cha tatu simu ikakatika, watu walikuwa wengi mno kwenye mtandao, sikumpata tena. Timu ya Baba ilishinda au ilishindwa, muulize mwingine.

Tulifika nyumbani bado kuna jua. Sikuvua koti. Tiketi kama ile hainijii kila wiki, na Baba hana miaka ya kungoja makampuni yaelewane. Nilikaa mezani jikoni nikaandika malalamiko rasmi, kwa Kiingereza changu cha shule, nikapeleka kwa ligi, kwa kampuni ile ya mtandao, na kwa ofisi ya jimbo inayosikiliza wateja. Kwa lugha yetu yanasema hivi:

"Mimi ni mteja wenu wa Hilliard, Ohio. Nalalamika kwa mambo mawili. La kwanza, mnaniuzia ligi nzima halafu mnanifungia timu iliyo jirani yangu kwa sababu ni jirani. Hakuna duka linalomkataza mtu mkate kwa kuwa anaishi karibu na tanuri. Ikiwa mechi ni ya chaneli nyingine, wekeni njia ya mimi kuipata kwa chaneli hiyo, na mtuletee ile ya Buffalo yenye mtangazaji anayejua kunyamaza. Huyo ndiye anayewajua watu wenu. Wengine wajifunze kwake. La pili, mlinikata kwa kusema kweli kuhusu familia yangu. Familia yangu iko Louisville, Columbus na Buffalo kwa sababu kazi ziko huko, na wakati wa mechi tunakaa pamoja kwa simu. Sisi si wezi. Kama kuna bei ya familia iliyotawanyika, itajeni. Baba yangu ana maneno machache yaliyobaki na anayatumia kwenye mechi zenu. Mechi ijayo ataniuliza kipa amedaka kwa mkono gani. Naomba nione, nimjibu. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi."