Mngurumo Aliouchagua Doyle

Verlin Haskett alikuwa fundi injini katika mji wetu mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani, na kwa miaka thelathini na minane hakuleta mchezo kwenye kazi. Injini za silinda nane za miaka ya sitini zilifika kwake hoi, zikatoka na nguvu zaidi kuliko zilipotoka kiwandani. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Dada yake, Lorna, ndiye pekee aliyempikia, kila Jumapili.

Mume wa Lorna, Doyle Pruitt, alikuwa na gari jekundu la mwaka 1969 na alitaka liongezwe nguvu. Verlin alitanua silinda, akaweka pistoni mpya na kabureta kubwa. Ikabaki kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na hapo ndipo watu wa magari haya wanaporukwa na akili: wanaichagua kwa sikio. Wanataka gari likisimama lidunde na kunguruma mpaka vioo vya maduka vitetemeke.

"Nipe ile kali kabisa," alisema Doyle.

"Itakunyima breki, shemeji."

"Kamshafti na breki wapi na wapi?"

"Breki zako zinasaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Kwa kamshafti ile, ukienda polepole mvuto haupo. Utakanyaga mara mbili, ya tatu utakuta pedeli ni jiwe."

"Basi nitakanyaga mara mbili tu!" Doyle akacheka hadi akakohoa.

Verlin akamwambia kuna pampu ndogo ya umeme inayomaliza tatizo. Doyle hakutaka kusikia. Kwenye maonyesho majaji hufungua boneti, na kitu ambacho hakikuzaliwa na gari hukatiwa pointi.

"Pointi tatu, Verlin! Kwa kidude kama kopo la maharage? Acha uoga, mzee."

Verlin alipaswa kukataa. Alishawahi kuwafukuza wateja kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini ukweli ni kwamba hata yeye aliupenda ule mngurumo. Siku waliyowasha injini mara ya kwanza aliweka kipimo cha mvuto, na mshale haukufika hata nusu ya palipotakiwa. Akauangalia, akang'oa kipimo, akakitia kwenye droo. Gari lilikuwa likitikisa karakana nzima, Doyle akimkumbatia, naye Verlin akajikuta anatabasamu.

Alijiambia atazungumza na Lorna. Jumapili ikafika, Lorna akampakulia kuku na viazi, Verlin akala, akashukuru, akaenda zake. Ya pili vilevile. Ujinga wa Doyle naweza kuuvumilia. Ukimya wa Verlin unanitia hasira mpaka leo.

Mwezi wa saba yakaja maandamano ya magari ya zamani. Yalishuka barabara kuu polepole, gari la zimamoto likiongoza na lile jekundu likifuata. Lorna alikuwa ametoa kichwa na mabega dirishani, akiwarushia watoto peremende. Verlin alisimama mbele ya duka la kinyozi, macho yake kwenye taa za breki za shemeji yake.

Ziliwaka mara moja. Zikawaka mara ya pili. Gari la zimamoto likasimama.

"Zima injini, Doyle! Zima!" alipiga kelele, akaanza kukimbia.

Mngurumo ulimeza sauti yake, na watu wakaushangilia. Doyle alikanyaga mara ya tatu, pedeli ya breki ikawa jiwe. Akakanyaga tena kwa hofu, mguu ukateleza ukaangukia pedeli ya mafuta, na nguvu yote ambayo Verlin aliitia mle ndani ikatoka kwa pigo moja, gari likajibamiza nyuma ya lile la zimamoto.

Doyle alivunjika mbavu mbili. Lorna alivunjika uti wa mgongo, na madaktari hawakuficha kwamba hatasimama tena.

Siku ya nne Verlin alikwenda hospitali. Alikaa kando ya kitanda na kofia yake magotini, akitafuta pa kuanzia. Lorna ndiye aliyeanza.

"Doyle anasema ulimwonya."

"Nilimwonya. Mungu ni shahidi, nilimwambia yote."

Lorna alimtazama bila ukali wowote.

"Na mimi je, kaka?" akauliza. "Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kile kiti kingine."